Rafu ya Vidole Gumba

Jumatatu, 7 Januari 1895

Mfereji umeganda. Asubuhi nimewakuta watu wa mashua wamesimama juu ya barafu, katikati kabisa, wanavuta tumbaku utadhani wako sebuleni kwao. Mashua sita zimenasa kati ya daraja na gati letu, zote zimebeba udongo. Makaa ya mawe yamekwama huko juu mgodini, na yatakaa hukohuko mpaka Mungu apende.

Mimi ni mbandika chapa. Nachukua karatasi yenye maua ya buluu, naibandika kwenye sahani, naisugua kwa brashi na sabuni mpaka ua likae, naing'oa karatasi. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo hapa kiwandani kwa akina Leese, watengeneza vyombo vya udongo, na meza yangu haijawahi kukauka. Leo ni kavu. Maji yameganda ndani ya beseni. Nimeokota daftari la michoro lisilo na mwenyewe, nikaanza kuandika. Mama akiuliza nitasema naorodhesha sahani.

Jumatano, 9 Januari

Baridi. Chapati za oti na jibini. Mama amelalamika, nami nimelalamika kwamba analalamika.

Ijumaa, 11 Januari

Bi Selina kaniita ofisini. Ana miaka ishirini na saba, mwembamba, na akitaka kusema jambo zito hukohoa kwanza. Leo alikohoa mara tatu, nikajua kuna habari.

Tangu tumzike baba yake, Bwana Enoch, aliyekuwa mwenye kiwanda, mwezi wa Novemba, tanuri letu halijawashwa. Sahani elfu tisa za hoteli moja ya Kanada zimekwisha kupigwa chapa na kuchovywa rangi ya kung'aa, zimekaa tu zinasubiri moto. Tatizo ni mlango. Tanuri likishajaa, mlango hujengwa kwa matofali na kukandikwa udongo mbichi, halafu mwenye kiwanda anabonyeza kidole gumba chake kwenye udongo ule. Bila hicho kidole hakuna mwanamume hapa atakayewasha kiberiti. Tena wanasema awe Leese, na awe mwanamume. Leese mwanamume aliyebaki ni Bwana Percival, kaka yake Bi Selina, naye yuko Liverpool anauza bima. Alikuja mazishini na glavu nyeupe, akaondoka nazo nyeupe.

Nusu ya kiwanda ni yake. Ameandika barua: ikiwa mzigo wa Kanada haujatoka tanurini ifikapo tarehe 25 Machi, anauza kwa tajiri mmoja wa mbao. Tajiri wa mbao hana haja na tanuri. Atalibomoa aweke magogo.

"Mwambie basi aje abonyeze," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema ana mafua."

"Mafua ya kidole?"

Akacheka kidogo, halafu akakohoa tena. Anataka nipande dari ya ghala nifute vumbi kwenye rafu ya vidole na kuandika orodha yake, maana mnunuzi anataka kujua kila kilichomo. Nimesema sawa. Nimetoka nje, nikalitazama lile tanuri lenye umbo la chupa, limesimama uani bila moshi, na kwa mara ya kwanza nimeliogopa. Bila hilo, watu mia na arobaini tunakwenda wapi?

Jumatatu, 14 Januari

Miaka yote nimesikia habari za rafu hiyo, sikuwahi kuiona. Tanuri likipoa, mlango unavunjwa, na kile kipande chenye alama kinakatwa pembeni. Kwa moto ule kimeshakuwa kigumu kama tofali. Kinaandikwa mwezi na mwaka nyuma, kinapelekwa darini. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini kuambiwa ni kitu kingine.

Nilipanda ngazi na taa na ndoo mbili, moja ya maji ya moto, moja ya kutupia vipande vilivyovunjika. Nikainua taa. Ee Mungu wangu! Ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti, ni vidole. Vipande vya ukubwa wa ngumi, vimepangwa safu kwa safu, na kila kimoja kina shimo dogo ambamo mtu alitia kidole siku fulani, akaomba kimoyomoyo, akaondoka. Miaka sitini na moja ya mioto. Nilikaa chini, nikaisahau ndoo mpaka maji ya moto yakapoa.

Nimeingiza kidole changu kwenye kimoja cha mwaka 1834, cha Thomas Leese mwenyewe, aliyeanzisha kiwanda. Dole lake lilikuwa pana, langu limecheza ndani. Mistari ya ngozi yake bado ipo. Yeye mifupa yake iko makaburini, na ngozi yake naipapasa mimi hapa juu.

Jumanne, 15 Januari

Vidole mia mbili themanini. Mikono imepasuka kwa baridi.

Alhamisi, 17 Januari

Leo nimefika safu za mwaka 1841, na kuna jambo.

Lile dole pana la Thomas linatoweka. Badala yake kuna kidole chembamba, kifupi, chenye kovu lililokikata mshazari. Moto mmoja, miwili, mwaka mzima. Nimevishusha vyote sakafuni nikavipanga. Kuanzia 1841 mpaka 1846, vipande tisini na nne, na tisini na tatu ni kidole kilekile chenye kovu. Nimekijaribu kwa changu. Kimeingia sawasawa kama pete.

Kulikuwa na kimoja tu katikati yao kisicho na mistari hata kidogo, laini kama ndani ya kijiko. Udongo ulikuwa na maji mengi, nimeona, au mtu aliteleza. Sikujisumbua hata kukigeuza. Nimekitupa kwenye ndoo ya vibovu.

Sasa swali: kidole cha mwanamke kilifuata nini mlangoni pa tanuri?

Ijumaa, 18 Januari

Nimempelekea Bi Selina vitatu ndani ya aproni. Alivipapasa kwa muda mrefu. Hakukohoa.

"Keturah," akasema, "huyu ni bibi yangu Dorcas. Alikuwa mkata karatasi za chapa kabla hajaolewa. Alijikata na mkasi. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinishika shavu hivi, nami nilikuwa nalisikia hilo kovu."

Akalia palepale, chini ya picha ya babu yake ukutani. Chini ya picha hiyo pameandikwa kwa dhahabu kwamba katika miaka ya shida, Thomas Leese alisimama mlangoni pa tanuri bila kukosa. Kumbe wapi! Bi Selina anasema alikuwa amepooza miguu kwa sumu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi, na nyumbani waliambiwa ilikuwa wiki chache tu. Zilikuwa wiki chache za miaka mitano. Kiwanda kizima kilikuwa mikononi mwa mwanamke mwenye kovu, na jina lake halipo hata kwenye kikombe.

Jumatatu, 21 Januari

Nimekwenda kwa Mzee Elijah Mountford.

Huyu ndiye mchoma tanuri wetu. Ana miaka sitini, nyusi hana, zimeungua zamani. Yeye ndiye anayesema sasa koleza, sasa punguza, sasa funga, na hana kifaa chochote isipokuwa macho yake na kitundu kwenye ukuta wa tanuri. Simpendi. Aliwahi kunifukuza uani mbele ya watu eti sketi yangu inaleta upepo. Na ndiye aliyewaambia wanaume kwamba mwanamke akigusa mlango, vyombo vyote vitapasuka.

Nilimkuta kwenye kibanda chake anachonga mpini. Nikaweka sinia ya vidole juu ya benchi.

"Nini hiki, bi mdomo?"

"Tazama mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye macho?"

Akachukua kimoja. Akachukua cha pili. Alipofika cha tano mkono wake ulianza kwenda polepole.

"Vya lini?"

"Geuza. Vimeandikwa nyuma. Vya Dorcas Leese, miaka mitano. Sahani zilipasuka?"

"Miaka hiyo," akasema, "mchoma tanuri alikuwa baba yangu."

"Basi alimwona akibonyeza. Tisini na tatu, Mzee Elijah. Si moja ya bahati mbaya."

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mwanamke asiguse mlango. Aliniapisha. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi."

"Ukamwuliza kwa nini?"

"Baba yangu alikuwa haulizwi kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimekuja na maneno yangu yote mfukoni. Yakaniishia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyedanganywa na marehemu na hana pa kwenda kudai. Nimeiacha sinia nikaenda zangu.

Jumanne, 22 Januari

Kimya.

Jumatano, 23 Januari

Kimya. Theluji. Mama kaanguka uani, hakuumia, kamtukana jirani.

Alhamisi, 24 Januari

Mzee Elijah kaingia ofisini amevaa kofia yake ya kanisani. Nilikuwa nakabidhi orodha, kwa hiyo niliyasikia yote kwa masikio yangu.

"Tunaanza kujaza Jumatatu," akasema.

"Na mlango?" akauliza Bi Selina, amesimama.

"Mlango una mwenyewe, bibie. Osha mikono tu, udongo haupendi mafuta."

Akavaa kofia akatoka. Nami nilikuwa nimemhesabu kuwa jiwe!

Jumamosi, 2 Februari

Limejaa. Wiki nzima wapangaji wamekuwa wakiingia na makasha ya udongo vichwani, sahani zikiwa ndani, wakipanda ngazi na kuyapanga moja juu ya jingine mpaka juu kabisa. Nimechungulia kabla hawajajenga mlango. Nguzo za makasha zimekwenda juu gizani mpaka zimepotea. Kila ua nililolisugua tangu Novemba limo humo.

Jumatatu, 4 Februari

Bi Selina kabonyeza. Wanaume walisimama nyuma, mikono mifukoni, wawili walifumba macho. Alivua glavu, akaweka kidole, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee Elijah akapiga kiberiti bila kumtazama mtu.

Makaa ya uani yanatosha, anasema, na yatabaki kidogo, ikiwa upepo utakuwa na adabu.

Jumatano, 6 Februari

Upepo haukuwa na adabu.

Umegeuka jana, umekuja wa mashariki, mkavu, umeingia kwenye midomo ya tanuri na kula makaa kwa pupa. Leo saa nne asubuhi Mzee Elijah alikuja hadi mlango wa chumba chetu cha chapa, ambako hajakanyaga maisha yake yote. Macho mekundu, hajalala tangu Jumatatu.

"Makaa yamebaki ya kuwasha kwa saa tatu tu," akamwambia Bi Selina. "Nahitaji ya saa kumi."

Sote tulielewa. Rangi ya kung'aa ikiyeyuka nusu halafu moto ukafa, kila sahani itatoka na ukurutu. Elfu tisa za kutupa. Na hapa kwetu hulipwi kwa chombo mpaka kitoke tanurini kikiwa kizima, kwa hiyo kazi ya tangu Novemba ingekuwa bure kwa kila mmoja. Halafu tajiri wa mbao.

"Tuvunje meza," akasema Bi Selina. "Tuvunje rafu, ngazi, chochote."

"Mbao zina mwali mrefu na moshi, bibie, zitaichafua buluu. Nataka makaa ya mawe. Hayapo."

Hapo nikapanda juu ya kiti. Sijui nani alinituma. "Yapo!" nikasema. "Kila mtu ana ndoo mbili nyumbani."

Wote wakatazama viatu vyao. Katika baridi hii, ndoo mbili za makaa ndizo uhai wa nyumba. Kuna watoto wachanga. Kuna wazee. Niliona aibu hata kabla sijafunga mdomo. Nikashuka, nikachukua shali, nikaenda kwangu kwanza, maana huwezi kuomba cha mwenzio chako umekificha.

Mama alikuwa amekaa karibu na jiko.

"We Keturah! Hayo makaa yangu unayapeleka wapi?"

"Tanurini, Mama."

"Tanuri lina ubavu wa kuzidi mimi? Nife kwa baridi ndiyo ufurahi?"

"Lala kitandani, nitakufunika na zulia."

"Nifunike na shauri yako!"

Nikabeba ndoo zote mbili, machozi yananitoka, sijui ni ya upepo au ya nini. Njia ya mtaani ilikuwa na theluji mpaka magotini, nikashuka kwenye mfereji nikapita juu ya barafu. Nilikuwa peke yangu. Nikasema moyoni, basi, nitakuwa mjinga peke yangu.

Nilipofika chini ya daraja nikasikia mkwaruzo nyuma yangu. Nikageuka.

Walikuwa wanakuja juu ya mfereji. Wapangaji, wafinyanzi, wasichana wapaka rangi, wanavuta makaa kwenye mabeseni ya kuogea, kwenye kitanda cha mtoto, kwenye mlango uliong'olewa bawaba na kufungwa kamba. Watu wa mashua walitoa ya kwenye vijumba vyao vya mashuani, ambavyo ni vidogo kuliko kabati. Ule mfereji ulioturoga mwezi mzima, ulioyazuia makaa, sasa ndio ulikuwa barabara yenyewe, na weupe wote ulijaa watu weusi kwa vumbi la makaa, mpaka kwenye kona sikuwaona mwisho. Hakuna aliyeimba wala kupiga kelele. Ilikuwa mikwaruzo tu, na pumzi. Nimeishi hapa miaka thelathini na minne nikidhani nawajua watu hawa.

Mwisho kabisa, nani? Mama. Kajifunga zulia, amebeba sufuria yenye mabonge manne.

"Nimekuja kuyaona yanavyoungua," akasema. "Makaa yangu."

Mzee Elijah alipokea kila ndoo kwa mikono yake. Alimwambia kila mtu asante, hata mimi. Jioni alichungulia kitunduni, akavuta kipande cha majaribio kwa fimbo ya chuma, akakigeuza, akasema, "Fungeni." Kisha akakaa chini kwenye theluji, akalala usingizi hapohapo akiwa ameketi.

Alhamisi, 7 Februari

Linapoa. Hairuhusiwi kufungua. Tumelala sita kwenye kitanda kimoja kwa jirani aliyebakiza makaa kidogo.

Ijumaa, 8 Februari

Linapoa.

Jumamosi, 9 Februari

Linapoa. Nitakufa kwa kungoja.

Jumatatu, 11 Februari

Mzee Elijah kauvunja mlango. Kabla ya yote alikata kile kipande, akakipuliza vumbi, akampa Bi Selina mikononi. Kisha wapangaji wakaingia, joto bado lilikuwa la kubabua, wakatoa kasha la kwanza. Mzee Elijah akalifungua.

Buluu. Sina neno jingine. Sahani ilitoka inang'aa, ua langu limekaa ndani ya ule ung'aavu kama liko chini ya maji, na uani kote hakukuwa na rangi nyingine, theluji na masizi tu. Akaigonga kwa kucha. Ikalia tiiing, safi. Mwanamume mmoja kati ya wale waliofumba macho akavua kofia. Katika elfu tisa, zilizoharibika ni mia na kumi. Hata Bwana Enoch hakuwahi kupata hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Barafu imepasuka alfajiri kwa kishindo. Mashua ya kwanza imeondoka na sahani. Tumesimama gatini kuipungia mkono, watu wazima na akili zetu.

Alhamisi, 21 Machi

Barua ya Bwana Percival. Hauzi. Anatupongeza, na mafua yake yamepona.

Jumatatu, 25 Machi

Leo ndiyo siku ambayo tungebomolewa. Badala yake tumejaza tanuri tena.

Udongo ulipokandikwa mlangoni, Bi Selina alivua glavu, akakohoa mara tatu. Kisha akasema, "Mzee Elijah, leo bonyeza wewe."

"Mimi si Leese, bibie."

"Miaka arobaini unauwasha moto huu. Njoo."

Alikataa. Wakamsukuma. Alisogea kama bwana harusi, akafuta mkono kwenye suruali, akabonyeza, akarudi nyuma haraka. Nami, kwa umbea wangu, nikaenda kutazama.

Hakukuwa na mistari. Shimo lilikuwa laini, kama ndani ya kijiko.

"Ah, nimekosea," akasema, ameaibika. "Vidole vyangu havina alama. Moto ulishazila. Vya baba yangu vilikuwa hivihivi."

Sikusubiri amalize. Nilikimbia, nikapanda ngazi ya dari mbili mbili, namwomba Mungu uvivu wangu wa kumwaga ndoo usiwe umeisha. Haukuwa umeisha. Ndoo ya vibovu ilikuwa palepale nilipoiacha mwezi wa Januari. Nikachakura mpaka kucha zikavunjika, nikakipata, na safari hii nikakigeuza. Nyuma kimeandikwa: *Machi 1843*.

Nilishuka nacho, nikakiweka mkononi mwa Mzee Elijah. Bi Selina akasoma mwezi na mwaka, akaweka mkono kinywani.

"Ni mwezi aliozaliwa baba," akasema. "Bibi alikuwa kitandani, amejifungua. Aliyekabidhiwa mlango ni baba yako."

Mzee Elijah alikitazama sana. "Hakuniambia," akasema. "Kumbe alikuwa anamfichia Bi Dorcas siri yake. Kwa hiyo akatuapisha sote kwamba hakuna mwanamke, ili asitokee wa kuuliza."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyekitupa, kwamba nilidhani ni kibovu, anisamehe. Alitia dole lake ndani ya dole la baba yake, mbele yetu sote, likaingia likatulia, na akabaki hivyo, nyusi hana, machozi yanamtiririka usoni, mpaka wapangaji wakamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba moto unamsubiri.